Kwelea wa Ahero wanapuliziwa sumu, vifaru wa Nakuru wanalindwa kwa bunduki. Nani aliamua?

#1 MtuWaNyando
Wadau, salamu. Swali hili linanisumbua tangu Januari 2023, serikali ilipoanza kuwapulizia kwelea dawa huku kwetu Kisumu. Magazeti yalitaja ndege milioni 6 hivi, na ekari 300 za mpunga zilizokwisha liwa. Sawa. Lakini panda matatu kutoka hapa hadi Nakuru, utamkuta mnyama aliyezungushiwa uzio wa umeme, ana askari wa usiku na mchana, na ukimuua sheria ya 2013 inaweza kukufunga maisha. Wote wawili ni wanyama wa porini. Wote walikuwepo kabla skimu ya mpunga ya Ahero haijachimbwa mfereji hata mmoja.

Msinijibu kwamba kifaru ni adimu na kwelea ni wengi. Hilo nalijua. Nauliza: uchache ndio unaompa mnyama haki ya kuishi? Kwelea wakibaki elfu mbili, tutawazungushia uzio? Na hawa watafiti wanaohesabu huku na kupulizia kule, wanalala vipi?

#2 JaKano
Wanalala vizuri. Asiyelala ni mimi. Mpunga ukianza kujaa maziwa, nafika shambani giza halijaisha na naondoka jua likizama. Hawa ndege hawapandi, lakini kuvuna wanavuna. Ukienda kunywa chai unarudi unakuta makapi. Kabla hujaniletea haki za kwelea, njoo uamie siku moja tu, nitakupa kombeo na mabati ya kugonga.

#3 OmeraWaKondele
Kwani mleta mada analima nini? Hewa?

#4 MpigaPete
Kazi yangu ni ndege, kwa hiyo niwaachie tarakimu kidogo kisha mrudi kugombana.

Kwelea mdomo-mwekundu ndiye anayehesabiwa kuwa ndege wa porini aliye wengi kuliko wote duniani. Makadirio yanapita bilioni moja. Mmoja hafiki gramu 20, na kwa siku anakula punje za gramu 10 hivi. Hapo ndipo hesabu inapouma, kwa sababu kundi la ndege milioni mbili linamaliza tani 20 kwa siku moja. Lakini chakula chake hasa si mpunga, ni mbegu za nyasi. Mvua ikianza, mbegu zilizo ardhini zinaota, chakula kinapotea, naye anahama kwenda kule mvua ilikotangulia na nyasi zimeshazaa. Huko anataga, analea, anaondoka. Kifaranga anaanguliwa baada ya siku kumi na kitu, na wiki mbili baadaye ameshaacha kiota. Ndani ya mwaka mmoja ndege yule yule anaweza kutaga mahali zaidi ya pamoja.

Ndiyo maana kupulizia hakujapunguza kwelea wa Afrika, na nchi nyingi zimepulizia kwa miongo mingi. Kunaokoa shamba fulani katika msimu fulani, basi. Anayesema "tunawamaliza" anawadanganya, na anayelia kwamba wataisha anawadanganya pia.

#5 JaKano
Asante mpiga pete. Kuokoa shamba fulani katika msimu fulani ndiko ninakotaka. Hilo shamba fulani ni langu.

#6 NganoNjoro
Huku Njoro tunawajua, wanashuka kwenye ngano na shayiri kama wingu. Mimi nasema ni ukame. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini na mashariki. Nyasi hazikuzaa. Wewe ukiwa ndege, na pori lote ni vumbi, halafu unaona tambarare yetu ya Kano, yenye skimu za mpunga, inang'aa kijani, utaenda wapi? Kwa hiyo kabla ya kumlaumu ndege au serikali, laumu mbingu.

#7 MwalimuMstaafu_Nyakach
Habari zenu vijana. NganoNjoro ana hoja, lakini amesahau jambo la karibu zaidi. Zamani kila shamba lilikuwa na dungu na juu yake watoto watatu wanne, wengine na kombeo, wengine na debe. Ndege hakuweza kutua. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, madungu yakabaki matupu. Si kwamba kwelea waliongezeka. Waliopungua ni waamiaji.

#8 NyarNam
Mwalimu, heshima yako. Ila nyinyi ndio mliokuwa mkitufukuza darasani kwa sababu ya karo, leo mnataka turudi dunguni?

#9 MwalimuMstaafu_Nyakach
Nyar, sikusema mrudi. Nimesema kazi ile ilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na watoto bila mtu kuiandika popote. Sasa tunapulizia sumu, na bei inalipwa na mwewe na maji ya mfereji. Mtu achague.

#10 Fundi_wa_Pampu
Nyote mmeruka mfereji. Ahero maji yanasukumwa kwa pampu kutoka mto Nyando, West Kano yanatoka ziwani. Si maji ya kuteremka yenyewe. Umeme ukikatwa, au bili ikichelewa, sehemu moja inapanda sasa na nyingine inapanda mwezi ujao. Matokeo yake kuna suke changa Kano karibu mwaka mzima. Kwelea hana sababu ya kuhama tena! Kama wote wangepanda pamoja na kuvuna pamoja, ndege wale wale wangegawanyika kwenye ekari nyingi kwa muda mfupi, na kila mtu angepoteza kidogo. Anayeumia sana ni yule anayeiva peke yake.

#11 JaKano
Fundi, hilo ni kweli tupu. Mimi nimewahi kuiva peke yangu. Majirani walikuwa wamemaliza, ndege wa blok nzima wakahamia kwangu.

#12 Daktari_Mifugo_Muhoroni
Turudi kwenye sumu maana watu wanasema "dawa" kana kwamba ni ya kikohozi. Kinachotumika kwa kwelea ni fenthioni. Ni ya jamii ile ya sumu zinazozuia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu. Misuli inabaki imekaza, ndege anatetemeka, mate yanamtoka, anashindwa kupumua. Hafi papo hapo kila mara. Wengi wanaanguka mbali na pale walipopuliziwa, na hapo ndipo wengine wanapoingia: kozi, mwewe, bundi, kongoti, paka, mbwa. Wanaokota ndege anayepapatika chini, nao wanapata kipimo chao. Ndege ni dhaifu zaidi kwa sumu hii kuliko sisi, lakini sisi si mawe. Kwenye vikao vya mkataba wa Rotterdam, ule wa kemikali hatari, fenthioni ya kupulizia imejadiliwa miaka mingi.

Inapuliziwa jioni, wakati kundi linarudi kulala kwenye matete. Sasa niambieni, ndani ya matete yale wanalala kwelea peke yao?

#13 OmeraWaKondele
Basi tufyeke matete yote. Kitanda kikiondoka mgeni ataondoka.

#14 NyarNam
Thubutu. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga ndiyo yanayolisha nusu ya kina mama ninaowajua: mikeka, vikapu, kuezeka. Samaki wanazaliana humo. Nzohe, wale swala wa kinamasi, wanaishi humo. Mgeni wako wa wiki tatu unamfukuza kwa kubomoa nyumba ya wenyeji?

#15 Mnyala_Asili
Nyinyi mnabishana kuhusu sumu ya serikali. Njooni Bunyala niwaambie ya wananchi. Kuna kipindi, miaka ya 2009 na baadaye, ilikuwa biashara ya wazi: watu wanachukua Furadan, ile ya kuulia wadudu wa shambani, wanaitia kwenye konokono, wanatandaza kwenye mashamba ya mpunga. Korongo wanakula, wanaanguka, wanachunwa na kuuzwa kama kitoweo. Njiwa wanawekewa mchele wenye sumu. Watafiti wa ndege waliandika na kupiga picha mpaka dunia ikajua. Na nyama ile watu walikula! Walikuwa wakitupa matumbo wakiamini sumu imetoka nayo.

Kwa hiyo mleta mada, swali lako "nani aliamua" mimi nalijibu hivi: kila mwenye njaa na kopo aliamua mwenyewe.

#16 MtuWaKondoa
Majirani, salamu kutoka Tanzania. Mbona hakuna aliyesema kuwala? Kwetu Kondoa kwelea ananaswa kwa nyavu, anachunwa, anakaangwa au kukaushwa, anauzwa. Huko Chad nako wanavuna mamilioni kila mwaka kwa nyavu za mikono. Ukimpulizia umepoteza nyama na umetia sumu. Ukimnasa una kitoweo na shamba limepumua.

#17 OmeraWaKondele
Ndege wa gramu 20! Ukiondoa manyoya na mdomo unabaki na nini, harufu?

#18 MtuWaKondoa
Unamtafuna mzima na mifupa yake, ndugu. Na nyinyi omena mnaiondoa miiba?

#19 NyarNam
Hapo umepigwa Omera. Kaa chini.

#20 MpigaPete
Kunasa ni hoja nzuri ila ina mipaka yake. Wavu hauchagui. Kwenye wavu mmoja nimewahi kuona mnana, njiwa, shore na bundi mdogo. Mnasaji akiwa mwaminifu anawaachia. Akiwa na njaa, tumerudi kwa Mnyala. Pili, kunasa makundi ya mamilioni kunataka watu wengi walio tayari usiku, na kwelea akishashtuka anahamia bwawa jingine. Inafaa pale ulaji umeshazoeleka. Kisumu sijui kama soko lipo.

#21 Nakuru_Section58
Naona kifaru ametajwa mwanzo kisha akaachwa. Niwakumbushe jambo. Julai 2018 vifaru weusi walitolewa hapa Nakuru na Nairobi, wakapelekwa hifadhi mpya Tsavo Mashariki. Nia njema kabisa: huku wamejaa, kule kuna nafasi. Kumi wakafa. Maji ya kule yalikuwa na chumvi nyingi. Kila wakinywa wanazidi kuona kiu, wakizidi kuona kiu wanazidi kunywa. Hawakuuawa na jangili. Waliuawa na ulinzi. Kwa hiyo MtuWaNyando, usidhani kupendwa na binadamu ni neema tupu.

#22 Karani_wa_Bahati
Sahihisha, walikufa 11 kati ya 11 waliohamishwa. Wa mwisho alikuwa amedhoofika, simba wakamshambulia, naye akafa. Waliobaki kuhamishwa walikuwa watatu na zoezi likasimamishwa.

Lakini pia ongeza upande wa pili wa daftari. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapata 20,000 mwaka 1970, mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Leo ni wapata 1,000. Idadi hiyo imejengwa kwa kuwahamisha, ikiwemo hifadhi ya Nakuru yenyewe ya 1987. Ukisema kuhamisha ni dhambi kwa sababu ya 2018, ungekuwa na nini leo?

#23 TwigaWaSoy
Ahsante Karani. Sisi wa Soy tuna mfano mtamu zaidi. Twiga wale wa Rothschild mnaopiga nao picha Nakuru si wa Nakuru. Walitolewa huku kwetu karibu na Eldoret mwaka 1977, mashamba yalipokuwa yanagawanywa na mahindi yanawafuata mlangoni. Wangebaki, wangekwisha. Wakapelekwa Nakuru, wakazaana, na kutoka hapo wengine wakapelekwa kwingine.

#24 Nakuru_Section58
Wakazaana, wakabambua magome ya migunga mpaka miti ikakauka, na ndama wao wakawa chakula cha simba kwa sababu uzio hauna pa kukimbilia. Twiga wenu wametupa kazi.

#25 TwigaWaSoy
Turudishieni basi. Tutawafunga kwenye mahindi.

#26 Wakili_Mtarajiwa_KSM
Nimesoma uzi wote, naomba niingize sheria kidogo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inampa aliyefiwa kwa kuuawa na mnyama shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na mazao yaliyoharibiwa yanalipwa kwa bei ya soko. Lakini si kwa kila mnyama. Kuna orodha: tembo, kiboko, nyati na wenzao. Ndege hawamo. Kwa hiyo JaKano akiliwa ekari na tembo ana mdaiwa wa kwenda kwake, akiliwa na kwelea ana kombeo. Hapa ndipo naona jibu la mleta mada. Tuligawanya wanyama mafungu mawili, wale ambao taifa linawamiliki na kuwalipia, na wale ambao hakuna mwenyewe. Asiye na mwenyewe ndiye anayepuliziwa.

Halafu Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde anuwai ya viumbe. Haisemi viumbe warembo peke yao.

#27 Mama_Pendo_Dunga
Wakili mwanangu, hiyo orodha iko kwenye karatasi. Shemeji yangu aliuawa na kiboko akienda kutega nyavu alfajiri. Fomu zilijazwa, picha zikapigwa, chifu akatia sahihi, ofisi ikatuambia tusubiri. Watoto wamemaliza shule tukisubiri. Sitaji ofisi, wanaojua wanajua. Kiboko yuko pale pale, watalii wanalipa boti kwenda kumwona.

#28 Wakili_Mtarajiwa_KSM
Pole sana mama. Ukiwa bado na nakala ya fomu nitumie ujumbe wa faragha, nitaangalia.

#29 Msimamizi
Tafadhali msiweke majina ya watu wala namba za simu hapa. Endeleeni.

#30 Kijana_wa_Maseno
Hamjataja China! Mao aliamuru shomoro wauawe mwaka 1958, watu wakagonga sufuria mpaka shomoro wakaanguka kwa uchovu. Wadudu wakajaa, mazao yakaliwa, njaa ikaua mamilioni. Hiyo ndiyo Ahero yenu kesho.

#31 Karani_wa_Bahati
Polepole kijana. Njaa ile ilikuwa na sababu nyingi: siasa za mashamba ya pamoja, takwimu za uongo, nafaka kuchukuliwa vijijini. Shomoro ni sehemu ndogo ya kisa.

#32 MpigaPete
Na kwelea si shomoro. Mkubwa anakula mbegu karibu peke yake. Kifaranga hulishwa wadudu siku zake za kwanza, halafu naye anahamia mbegu. Ukiondoa kundi moja la kwelea Kano sitarajii nzige. Nitakachotarajia ni kozi wachache, na hilo linachukua muda kuonekana kwa sababu hakuna aliyewahesabu kabla.

#33 JaKano
Hapo kwenye kuhesabu ndipo mnaponiudhi nyinyi watafiti. Wanakuja na kofia na fomu, "baba umepoteza magunia mangapi", unajibu mpaka uji unapoa, wanaondoka. Jibu halirudi. Mmoja aliniomba nisifukuze ndege asubuhi hiyo ili apate kuwahesabu vizuri!

#34 NyarNam
Ulifanya nini?

#35 JaKano
Nilimpa kombeo, nikamwambia ahesabu anaowapiga.

#36 MpigaPete
Hahaha, natumaini si mwenzangu. Lakini lawama ya matokeo kutorudi ni ya haki, nimeisikia Bunyala, nimeisikia Homa Bay. Kibali cha utafiti kinatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, cha kukamata ndege kinatoka kwa mamlaka ya wanyamapori, hakuna kibali kinachonilazimisha kurudi kwa mwenye shamba. Wanaorudi wanarudi kwa hiari yao.

Kuhusu kulala vipi, swali la post #1. Nikimnasa ndege namtia pete mguuni, napima bawa, namwachia ndani ya dakika chache. Mara chache sana mmoja anakufa mkononi. Hilo halizoeleki. Bila pete hatuwezi kusema kwelea wa Kano ndio hao hao wa Tanzania au ni wengine, na bila kujua hilo unapulizia ukiwa umefumba macho. Kwa hiyo naona heri nimuudhi mmoja. Sasa huyo mmoja hakuulizwa, hilo nalijua.

#37 Mzaliwa_wa_Nanyuki
Nipo mbali na magharibi lakini niongeze kuhusu maadili. Kwenye hifadhi ya Ol Pejeta wapo vifaru weupe wa kaskazini wawili tu waliobaki duniani, Najin na bintiye Fatu. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Watafiti walikuwa wakiwalaza kwa dawa kutoa mayai, wanatunga viinitete maabara, wavipandikize kwa vifaru weupe wa kusini. Mwaka 2021, baada ya tathmini ya maadili, wakaamua Najin asitolewe mayai tena: umri umekwenda na ana uvimbe. Yaani mnyama mmoja kati ya wawili waliobaki, na bado walisema hapana, mwili wake ni wake. Mimi hilo lilinigusa kuliko viinitete vyote.

#38 MtuWaNyando
Nimesoma kila kitu. Mzaliwa, umenipa nguvu badala ya kunijibu. Najin ameonewa huruma kama Najin. Ana jina. Kati ya kwelea milioni 6 hakuna hata mmoja mwenye jina, ndiyo maana tunawapima kwa tani. Nikimsikiliza daktari wa Muhoroni, yule anayetetemeka kwenye matete anaumia vile vile kama mwenye jina.

#39 Karani_wa_Bahati
Kwa hoja hiyo na panya wa ghalani apewe wakili.

#40 Lambwe_Kwetu
Acheni panya, niwape mbung'o. Natoka karibu na mbuga ya Ruma, na hakuna anayeitaja kwa sababu haina flamingo wala si Maasai Mara. Pale ndipo walipo korongo wa mwisho wa Kenya. Korongo swala, si ndege. Wamebaki wachache wa kuhesabika kwa jicho. Mnajua nani aliwalinda miaka yote kabla KWS, shirika la serikali la wanyamapori, halijazaliwa? Mbung'o. Bonde la Lambwe lilikuwa na malale, watu na ng'ombe hawakuweza kulijaza. Mdudu alifanya kazi ya askari, bila mshahara. Ikawa hifadhi 1966, ikawa mbuga ya taifa 1983, na mbung'o akapuliziwa na kutegewa miaka nenda miaka rudi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandamana kumtetea, na mimi pia sitaandamana, nina ndugu waliougua malale.

Sasa tatueni hiyo. Mbung'o akiisha, ng'ombe wanasogea uzioni, nyasi zinachomwa, korongo anabanwa. Mbung'o akibaki, mtoto anaugua. MtuWaNyando, weka haki yako kwenye mizani hiyo.

#41 MtuWaNyando
Nakusikia. Lakini umeniambia gharama zake, hujaniambia nani alikaa na kuamua. Hata huko Lambwe wenyeji waliulizwa?

#42 Lambwe_Kwetu
Waliulizwa lini wenyeji wa popote?

#43 Daktari_Mifugo_Muhoroni
Mimi nimekaa upande wa Fundi #10. Panda pamoja, vuna pamoja, halafu uje na sumu ikiwa imebaki sababu. Tunaanza na la mwisho kila mara kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye televisheni.

#44 Fundi_wa_Pampu
Lipeni bili.

#45 Siaya_Mtama
Nimechelewa. Huku kwetu mtama mwekundu ndege hawaugusi sana, una uchungu. Tukaambiwa tupande gadam, mweupe, wa kiwanda cha bia. Pesa nzuri, ila mweupe huo kwelea, mnana, kila mwenye mdomo anaupenda. Mwaka uliofuata nusu ya kijiji wakarudi kwa mwekundu. Mpunga hauna mwekundu wenye uchungu?

#46 MpigaPete
Hakuna kama huo mtama. Zipo mbegu zenye nywele ndefu kwenye suke, zinamsumbua kidogo ndege. Kidogo tu. Kinachofanya kazi kwa shamba dogo ni wavu juu, ukikazwa vizuri ndege asijinase. Utepe wa kaseti uliovutwa unalia kwa upepo, siku tatu nne wanauogopa, ya tano wanatua juu yake.

#47 OmeraWaKondele
Wazo: nyavu haramu zinazokamatwa ziwani na kuchomwa kila mara, wagawiwe wakulima wa Kano. Tumeua ndege wawili kwa... basi, samahani.

#48 NganoNjoro
Hahahaha.

#49 NyarNam
Zile za monofilamenti, za uzi mmoja wa plastiki, zikiingia shambani zitarudi ziwani usiku, mnamfahamu mvuvi vizuri. Afadhali za omena zilizochakaa, hizo hazina kesi.

#50 JaKano
Haya, nani ana wavu wa omena wa zamani, wa kutosha ekari moja na nusu? Ukiwa na matundu ya kushonwa nitashona. Naweza kuja Dunga nikauchukue mwenyewe.

#51 Mama_Pendo_Dunga
Njoo uulize pale wanapoanika omena. Ila usiseme ni wa ndege, bei itapanda.